Mimba Niliyokatazwa

Mtoto wetu wa tatu alitolewa kwa upasuaji, kama wawili waliomtangulia. Siku ya kuruhusiwa, daktari alinieleza taratibu kwamba kovu la ndani limekuwa jembamba, na nikibeba mimba nyingine linaweza kuachia, nikafa. Akasema nisizae tena. Nilimwitikia, nikampakata mtoto, dada yangu akabeba beseni la nguo, tukarudi nyumbani Chanji.

Wakati ule baba watoto alikuwa akifanya kazi Kasesya, mpakani, akihangaikia makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Zambia. Alikuwa akirudi nyumbani mara moja moja, na akirudi ni mume wangu kama kawaida. Kwa hiyo kidonda kilipokauka nilikwenda zahanati kuomba kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Nesi alikuwa mama wa makamo, amevaa sweta juu ya sare kwa sababu ya baridi ya Juni. Hakuwa mkali. Alisikiliza yote, hata habari za kovu, kisha akasema nije na mume wangu. Nikamwambia mume yuko Kasesya.

“Akirudi mje wote,” akasema. “Hawa waume wakigundua, wanakuja kutufokea sisi.”

Aliporudi nilimweleza baada ya kula. Baba watoto ni mtu mpole, hajawahi kuninyanyulia mkono. Alinawa, akajifuta mikono.

“Mimi siishi hapa,” akasema. “Sasa hicho kijiti unajikinga na nani?”

Nikamkumbusha maneno ya daktari. Akasema madaktari ndivyo wanavyotisha watu, mama yake kule Kaoze alizaa mpaka akaacha mwenyewe. Nilipomwomba basi tutumie kondomu, alicheka kidogo, akasema hizo ni za wanawake wa mpakani. Zahanati hakwenda. Aliondoka alfajiri na gari la mahindi.

Nilirudi kwa nesi peke yangu nikaomba sindano, maana sindano haionekani. Safari hii hakuniuliza habari za mume. Aliniambia zimeisha, nipite mwezi ujao. Nikapita, zilikuwa bado hazijaletwa. Nilipopita tena nilikuwa nimeshashika mimba.

Niliijua kwa harufu ya dagaa wa jirani yangu wa meza, pale sokoni ninapouza nafaka. Sikulia. Nilifunika magunia, nikaenda hospitali kwa daktari yuleyule aliyenikataza. Alinipima, akakaa akitazama kioo cha mashine. Nikamwuliza kama anaweza kuitoa. Nilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Alishusha sauti. Alisema sheria inamruhusu pale tu inapobidi kuokoa maisha ya mama, na hata hapo asingeamua peke yake.

“Si ulisema nitakufa?”

“Nilisema unaweza kufa. Kwa sasa huumwi, mama. Siwezi kuandika kwamba unakufa na umekuja hapa kwa miguu yako.”

Akanipangia kliniki za karibu karibu, akasema atanipasua mapema, kabla uchungu haujaanza. Nadhani alikuwa na nia njema. Dada alinitajia mwanamke mmoja anayetoa mimba kwa mizizi, lakini mke wa mwenye nyumba wetu alipitia huko na tukamzika. Nikabaki nayo.

Miezi ile siikumbuki vizuri. Nakumbuka nikilala na mkono juu ya kovu, na mtoto akicheza sana chini ya kiganja changu. Baba watoto alifurahi. Aliniletea vitenge kutoka ng'ambo ya mpaka.

Kovu liliachia mchana, nikiwa naanua nguo, kabla ya tarehe ya upasuaji kufika. Maumivu hayakuwa makubwa kama nilivyotarajia. Nilisikia kitu kinaachana ndani, kama mshono wa nguo ya zamani, na baadaye kidogo mtoto akatulia. Dada aliita bodaboda, akakaa nyuma yangu akinishikilia nisianguke. Hospitalini walisema huenda wakalazimika kutoa mfuko wa uzazi, wakamtaka mume aridhie. Simu yake haikupatikana. Wakawa wanaulizana.

Dada akawaambia, bila kupandisha sauti, “Leteni nitie saini mimi. Akija, mwambieni anitafute mimi.”

Ndipo wakanisukuma ndani.

Nilipozinduka mfuko ulikuwa umeshatolewa. Walinionyesha mtoto, wa kike, amevikwa kitenge kipya. Alikuwa na nywele nyingi. Nesi aliniuliza kama nataka kumshika, nikasema hapana, nikafumba macho. Dada ndiye aliyemshika.

Mume alifika kesho yake na vumbi la barabara kwenye nyusi. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema pole. Nikamjibu nimeshapoa, kama mtu anavyojibu. Akaanza kulia. Nilimtazama kama unavyomtazama abiria usiyemjua akilia kwenye basi, unajua ana jambo, lakini si lako. Aliniuliza kama nina hasira naye. Nikasema sina, na ilikuwa kweli. Niliitafuta hasira, sikuiona.

Maziwa yalikuja yakakuta hakuna mtu. Mama yangu alitoka kijijini akanifunga kifua kwa kanga, akakaza. Tuliongea Kifipa, habari za mavuno ya ulezi, na ng'ombe wa Wasukuma walioingia shambani kwake. Hakugusia kingine, nami nilishukuru.

Baba watoto amerudi Kasesya. Anapiga simu kila jioni, si kama zamani, anauliza tumekula nini. Namwambia.

Nimesharudi sokoni pia. Juzi mteja mmoja wa siku nyingi aliniuliza mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Nikamwambia wa kike. Akasema pole sana, akaomba maharage ya njano, nikampimia.