Kasiksi ya Baba

Tulifika Beni siku ya sita tangu tutoke Kisangani, gari likiwa halina tena rangi na sisi hatuna tena maneno. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, na anaendesha kama anavyosahihisha mitihani: polepole, akinung'unika kwa kila kosa. Kila shimo la tope kwenye msitu wa Ituri alishuka, akalipima kwa fimbo, akarudi kuniambia, "Kawia ufike." Siku ya nne nikamwonya kwamba akilirudia neno hilo nitashuka niende kwa miguu. Akalirudia. Sikushuka, maana nilikuwa nimevaa viatu vya mjini.

Nilikuwa naenda kwa baba yangu, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka ishirini na sita.

Nilipomwambia kwamba nataka kuolewa na mwalimu huyu, aliyeletwa na serikali kutoka Kasai, baba alisimama mlangoni kwetu Masereka, kibuyu chake mkononi. Alisema nikipita mlango ule na mtu yule, sitakunywa tena kwenye kibuyu chake. Nikapita.

Kwetu neno kama hilo halifutwi kwa barua wala kwa simu. Mtoto huleta kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mzazi hunywa funda moja kwenye kibuyu chake, humtemea mtoto kifuani, kisha humpa kibuyu naye anywe. Hapo neno hutoka. Lakini mzazi aliyetamka haiti, na mtoto aliyetamkiwa haji bila kuitwa. Basi baba akangoja nije, mimi nikangoja aite, wote wawili wenye vichwa vigumu, na miaka ikaenda.

Mimba zangu tatu ziliharibika. Mume wangu alizungumza na madaktari, akaandika majibu yao kwenye daftari. Mimi sikuandika kitu, nilijua. Sasa umri wa kuzaa umenipita na hakuna funda la pombe litakalonirudishia yeyote. Nilitaka kitu kimoja tu: neno lile litoke juu yangu kabla baba hajafa, nisije nikazikwa nalo.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyenipigia simu. Alisema vita vimewatoa Masereka, baba sasa anakaa kwake Butembo, mtaa wa Mususa, na amechoka sana.

"Tena anasahau-sahau, Yaya," akaongeza, kwa jina tunalomwitia dada mkubwa.

Nikamjibu kwamba wazee wote husahau. Sikumuuliza anasahau nini. Kosa hilo ni langu, wala simsingizii mtu.

Beni tulilala kwa mwalimu mmoja, rafiki wa mume wangu, katika komini, yaani kata, ya Ruwenzori. Asubuhi milima ilikuwa wazi mpaka juu kwenye theluji, na mume wangu akasimama uani kuitazama kama mtalii. Mimi nilikuwa kwa mama mzee wa jirani, nikionja kasiksi. Ya kwanza niliikataa, ilikuwa na maji mengi. Ya pili ilinikamata kooni kama ile ya nyumbani. Nikajaza bidoni, dumu la njano, nikaifunga nusu tu ili isipasuke kwa kuchacha, nikaipakata mapajani. Mume wangu alisema ingekaa vizuri nyuma. Nikamtazama, akawasha gari.

Barabara ya Beni kwenda Butembo si ndefu kwa mtu aliyetoka Kisangani, lakini ina vizuizi. Kwenye kimoja askari aliingiza kichwa dirishani.

"Mama, ni nini iko ndani ya bidon?"

"Kasiksi."

"Eh! Na hii jua! Tupatie kidogo."

"Hapana. Ni ya papa yangu. Mutu hapana kuigusa kabla yake."

"Lakini papa yako hapana kujua."

"Mimi nitajua."

Mume wangu aliharakisha kumpa mkate wetu, wote. Askari akaucheka mkate, akanicheka na mimi.

"Papa, uko na bibi mukali."

"Siku saba ndani ya gari, chef," mume wangu akasema kwa adabu, kama anavyoitwa mkubwa. "Najua."

Tukacheka wote watatu, na kamba ya kizuizi ikateremshwa. Niliona nimepita mtihani. Pombe ya baba ilikuwa haijaguswa, na Butembo ilikuwa karibu.

Mdogo wangu ana karakana ya useremala mbele ya nyumba. Alitoka na maranda kwenye nywele, akanikumbatia, kisha akanishika mkono nisiende mbio.

"Yaya, ngoja. Kuko siku anajua batu, kuko siku hapana."

"Na leo?"

Akachukua bidoni.

Baba alikuwa uani, kwenye kiti cha mbao, amevaa koti kubwa kuliko mwili. Kibuyu kilikuwa miguuni pake. Walipokimbia Masereka aliacha viazi ardhini na blanketi kitandani, akabeba kibuyu. Nilipiga magoti mbele yake nikamsalimu kwa Kinande, lugha yetu, "Wasibire, tata," kama mtoto aliyevunja chungu.

Alinitazama kwa upole mwingi. Akanijibu kwa Kiswahili, kama anavyojibiwa mgeni.

"Karibu, mama. Munatoka mbali?"

Mdogo wangu akamimina kasiksi kwenye kibuyu, akampa. Baba aliinusa, uso ukafunguka. Nikafungua kifungo cha juu cha blauzi, nikangoja. Alivuta funda moja refu. Nikafumba macho.

Nilimsikia akimeza.

Nikanyoosha mikono kupokea kibuyu, kwa kuwa sikujua la kufanya tena. Akakivuta kifuani pake.

"Hapana, mama. Musamaha. Hii ni ya binti yangu. Alienda na mwalimu, na mimi nilisema neno mubaya. Akunywe, neno itoke." Akamgeukia mdogo wangu. "Patia mama kikombe."

"Papa, binti yako ndiye huyu," mume wangu akasema. "Amekuja."

Baba akageuka kuniangalia tena, akajitahidi kweli, namshuhudia. Aliangalia mvi zangu, akaangalia mikono yangu.

"Yangu ni mutoto," akasema. "Huyu ni mama muzima."

Kumbe alishanisamehe, sijui tangu mwaka gani. Nilikuwa nimesamehewa na bado neno liko juu yangu, kwa sababu wa kulitoa hanijui. Nililia palepale, magoti chini, kwa sauti, kama mfiwa. Baba akasikitika. Akamuuliza mume wangu nimefiwa na nani.

Kisha akamuuliza lingine.

"Munatoka upande wa Kisangani? Kwa barabara hamukumuona?"

Mume wangu, ambaye hawezi kudanganya hata kwa alama moja ya mwanafunzi, alinitazama, kisha akamgeukia baba.

"Tulimuona, Papa. Iko nyuma yetu kidogo."

"Basi tumungojee," baba akasema. Akaziba mdomo wa kibuyu kwa kipande cha jani la mgomba, akakipakata mapajani kama nilivyoipakata bidoni tangu Beni.

Mdogo wangu aliniletea kasiksi yangu kwenye kikombe cha plastiki. Nikainywa. Baba akasogeza kiti ili aone mlango wa ua vizuri, akatuonyesha na sisi pa kukaa. Tukakaa pale mpaka jua likapungua, yeye, mume wangu na mimi, tukiningojea.