Nta Kwenye Sanduku la Taa

Kuna watu ambao kitu kikiharibika huuliza kipya kinauzwa wapi. Mwangangi hakuwa mmoja wao. Yeye alikiokota, akakitikisa karibu na sikio, akakigeuza chini juu, na kama ulikuwa na haraka basi pole yako. Nyumbani kwake, upande wa pili wa vilima vya Iveti, kuna redio isiyo na mgongo, pasi isiyo na mkono, na feni ambayo haijawahi kumpepea mtu. Ukiuliza, utaambiwa vyote vinangoja spea tu.

Kazi iliyompa jina mjini Machakos ilikuwa ya taa za bustani. Si zile za nguzo za barabarani, la. Ni zile fupi zinazochomekwa ardhini kando ya njia, zinamfika mtu magotini, na umeme wake ni mdogo, hauwezi hata kumshtua kuku. Transfoma moja ukutani huupunguza umeme wa nyumba, kisha waya unafukiwa chini kidogo tu ya nyasi na kupita kutoka taa hadi taa. Ufundi huo Mwangangi aliupata kiwandani Mavoko. Kiwanda kilipopunguza watu, naye akapunguzwa, akarudi na bisibisi zake na mita ya kupimia umeme. Hoteli na bustani za harusi zikamchukua. Zilipokuwa nyingi alikuwa na heshima zake, akiitwa fundi hata na watu wasio na taa.

Halafu zikaja taa za sola. Unachomeka, unaondoka, hakuna waya, hakuna Mwangangi. Zikifa, unatupa. Wateja wake wakamponyoka mmoja mmoja, wengine bila hata kuaga, mpaka akabaki na bustani moja tu. Hiyo ilikuwa ya Peris, mjane anayekodisha uwanja wake kwa harusi na sherehe, ambaye watu wote humwita Mama Musyoka.

Ikimtoka hiyo, Mwangangi asingekuwa fundi tena. Angekuwa mzee wa mbuzi na feni mbovu. Jambo hilo lilimuuma, wala hakulificha. "Hapo wakinitoa, nimekwisha," alimwambia Kaluki, mkewe.

"Na hapa nyumbani utaanza lini?" Kaluki akamuuliza.

Maana kwao jiko liko nje, na kutoka nyumba kubwa kwenda jikoni unashuka ngazi za mawe ambazo jua likizama hazionekani. Msimu mmoja wa mvua Kaluki aliteleza hapo na sufuria ya muthokoi. Mahindi yakaenda na maji, mkono ukateguka. Mwangangi alimkanda kwa maji moto, akasikitika kweli, akaapa kuweka taa wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo imekuwa ndefu jamani.

Sasa, mwaka huu kabla ya mvua, nusu ya taa za Mama Musyoka zikazima. Mwanawe, Musyoka, anayeishi Syokimau na kuja kumwona mama wikendi, akasimama katikati ya giza lile mikono kiunoni.

"Mzee, si tutoe hizi zote tuweke sola? Mambo ya kuchimba-chimba ya nini?"

"Niachie mpaka mvua ipite," Mwangangi akasema. "Mvua ikizizima, utang'oa. Mimi mwenyewe nitakushikia."

Musyoka akamtazama mamake. Mama Musyoka ni mtu wa haki, lakini si mtu wa maneno mengi. "Mpaka mvua ipite," akasema, kisha akamgeukia Mwangangi. "Lakini Baba Ndinda, sitaki hadithi."

Basi Mwangangi akaingia kazini. Alifukua waya hatua kwa hatua huku mita yake ikimwambia umeme umeishia wapi. Taa zenyewe hazikuwa na kosa. Ugonjwa ulikuwa kwenye maungio. Mtu fulani wa haraka aliyemtangulia hapo, kazi yake ya kulipua, alikuwa amesokota nyaya na kuzizungushia utepe wa plastiki, maji yakaingia, shaba ikageuka kijani na kumomonyoka kama keki ya jana. Mwangangi akakata kila ungio mpaka akakuta shaba nyekundu. Akasokota, akachoma kwa risasi ya kulehemu, kisha akachovya kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani ya mkebe wa kakao. Nta ilitoka kwenye mizinga yake mwenyewe, kwa sababu Mwangangi ni mtu wa nyuki kama alivyokuwa babake, na mizinga yao ya magogo inaning'inia mitini hadi leo. Maji hayapiti kwenye nta. Huo ulikuwa ujanja wake na aliuonea fahari.

Lilibaki sanduku la transfoma. La zamani lilikuwa la bati, kutu imelila chini yote. Dukani mjini yapo ya plastiki, lakini Mwangangi alisema plastiki hupasuka juani. Akapanda gari mpaka Wamunyu kwa binamu yake Nzioka, mchongaji, ambaye siku hiyo aliacha twiga wake kwenye karakana akamtengenezea sanduku la mti mgumu, lenye kifuniko kinachokaa sawasawa. Aiya, lilikuwa sanduku! Mwangangi akalipaka nta ndani kote, kila pembe, ili unyevu na mchwa wasilisogelee. Chini akatoboa tundu la kupitisha waya, akalipanua kidogo ili jasho la transfoma litoke. Kisha akalitundika juu ukutani, mahali pasipopigwa na mvua, likitazama macheo.

Kama umewahi kukaa na watu wa nyuki, najua umeshaanza kucheka. Mtu yeyote wa Ukambani akitundika mzinga mtupu huupaka nta ndani, ili nyuki wanaopita wanuse na kuingia. Mwangangi alifundishwa hivyo na babake akiwa mdogo, na amekuwa akifanya hivyo maisha yake yote. Safari hii alifanya vilevile, hatua zote, bila kuruka hata moja, akidhani anatengeneza taa.

Mvua ikaja, tena ilikuja kwa hasira. Barabara zikakatika, mfereji wa Mama Musyoka ukafurika, maji yakalala juu ya nyasi. Taa zikawaka. Zote. Mwangangi alikuwa akipata sababu ya kupita hapo jioni, mara anakwenda kununua chumvi, mara anamtafuta mtu ambaye hayuko, alimradi asimame langoni azihesabu kwa macho. Alifurahi kama mtu aliyepona. Hata Musyoka alikubali kwamba mzee anajua kazi.

"Kweli zimeshika," Mama Musyoka akasema.

Halafu mvua ikapita, maua yakafunguka, na nyuki wakaanza kutafuta makao.

Jumamosi moja jua likizama, ikaja kamati ya harusi kutoka Kangundo kutazama uwanja. Akina mama walikuwa wamevaa vizuri, shangazi wa bwana harusi akiwa mbele kama kawaida ya shangazi. Mama Musyoka akawatembeza, akawaonyesha mahali pa hema na mahali pa keki. Akataka waone njia ikiwa na taa, akamwambia Musyoka awashe. Swichi ilikuwa ndani ya sanduku, na tangu mvua ipite hapakuwa na sherehe ya kumfanya mtu alifungue. Musyoka akapanda kiti, akavuta kifuniko.

Sitaeleza kelele zake. Kamati ilifika langoni kabla yake, na shangazi aliacha kiatu kimoja ndani ya maua wala hakurudi kukidai. Kesho yake wakapiga simu kusema wamepata uwanja mwingine.

Lakini jioni ileile Mwangangi aliitwa. "Mzee, kuja! Nyuki ziko kwa sanduku yako!" Alifika akamkuta Musyoka jicho moja limefumba, ameshika mkebe wa dawa ya wadudu.

"Wacha nizipulizie zife zote," Musyoka akasema.

"Usiwaue. Hawana kosa."

"Hawana kosa? Angalia jicho!"

Mwangangi akasogea karibu na ukuta. Alikuwa akilitazama sanduku. Aliona mti mgumu, aliona tundu chini, nyuki wakiingia na kutoka, akakumbuka mkono wake ukipaka nta kwenye pembe. Aibu ikampanda kutoka miguuni. Angeweza kunyamaza, kwani nani hapo angejua? Lakini hakuzoea kudanganya kuhusu kazi.

"Ni mimi nimewaita," akamwambia Mama Musyoka. "Hili si sanduku. Nimekutengenezea mzinga."

Mama Musyoka akamtazama, akatazama ukuta, kisha akacheka mpaka akashika kiti. Alipomaliza alijifuta macho kwa leso, na uso wake ukarudi pale ulipokuwa.

"Wale watu wameenda, Baba Ndinda."

"Nimeona."

"Musyoka ataleta sola."

"Mama Musyoka, tulisema mvua ikizizima. Mvua haikuzizima."

"Haikuzizima," akakubali kwa upole. "Umezizima wewe."

Mwangangi akalitazama tena sanduku lake.

"Basi nipe nyuki," akasema mwishowe.

"Chukua nyuki. Na taa zako uchukue zote, hapa zitatupwa tu."

Akazima umeme wa ukutani, akaleta mzinga mtupu na moshi wa mavi ya ng'ombe, akahamisha masega moja moja kwa mikono mitupu, polepole, huku Musyoka akichungulia dirishani kwa jicho lake lililobaki. Transfoma ikatoka mgongo ukinata asali. Siku zilizofuata akarudi kung'oa waya aliokuwa ameufukia mwenyewe. Maungio yake yote yalikuwa makavu, shaba ni nyekundu kama siku ya kwanza, na hilo halikumsaidia kitu. Alipakia kila kitu kwenye mkokoteni, akaenda zake.

Nyumbani akamwaga taa uani, akaketi kwenye kigoda.

"Nimekwisha, Mama Ndinda," akasema.

Kaluki alikuwa ameshasikia habari zote sokoni, pamoja na ya kiatu. Hakumpa pole wala hakumcheka. Alizitazama zile taa zilizolala kwenye vumbi, akachagua moja, akaifuta kwa kanga, akaenda nayo kwenye ngazi za mawe. Akainama akaichomeka ardhini, kando ya jiwe lile lililomwangusha. Haikuwa na waya. Kisha akaingia jikoni kuendelea na moto wake.

Mwangangi akabaki akiiangalia taa hiyo iliyokufa, imesimama peke yake, imeinama kidogo upande mmoja. Kwanza aliona imechomekwa vibaya. Baadaye akaliona jiwe, akakumbuka wiki ijayo yake, na hayo hakuyapenda.

Akainuka akaenda kuinyoosha. Baada ya kuinyoosha akaleta ya pili. Alishinda siku hiyo na ile iliyofuata akichimba kando ya ngazi, akiunga na kuchovya nta, na transfoma akaifunga ndani ya nyumba kabisa, ukutani nyuma ya mlango, ambapo nyuki akitaka kuingia itabidi abishe hodi.

Jioni giza lilipokuwa linashuka, Kaluki akatoka jikoni na sufuria. Mwangangi akabonyeza swichi. Mwanga ukamwagika mdogo mdogo juu ya mawe, kila jiwe na upana wake. Kaluki akasimama. Alikuwa akiangalia miguu yake, ambayo kwenye njia ile, saa zile, hakuwa ameiona tangu aolewe. Akapanda polepole mpaka juu, bila kupapasa ukuta.

"Kwa hivyo miaka hii yote ulikuwa unaweza," akasema.

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana lilimchoma. Lile la bustani lilikuwa limemuuma, lakini hili lilimwingia mahali ambapo Mama Musyoka hakufika. Alitaka kusema kitu cha kulipoza.

"Hata kule chooni nitaweka. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo," Kaluki akarudia, akiwa bado na sufuria mkononi.

Mwangangi akatoka mlangoni, akaenda kuchukua jembe.