Makuti Juu ya Ghorofa

Jumba Jipya liliitwa hivyo tangu ujana wa wazee wetu, na jina halikubanduka hata rangi ilipokwisha, ngazi zikamomonyoka na mabomba yakakauka. Bi Khairiya aliingizwa humo bibi harusi, akazaa humo, akafiwa na mume humo. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za viua, tundu kwa tundu, na dirisha lake la ghorofa ya kwanza lilikuwa na mwanga usiochosha macho. Mikutano hakuipenda. Lakini baraza la mji lilipotangaza kwamba jumba litafanyiwa matengenezo makubwa, wakaazi wakaambiwa watoe mwakilishi, kila mtu alimtaja yeye, kwa kuwa hakuwa na ugomvi na mtu.

"Mtatoka mwaka mmoja tu," aliambiwa na Usama, ofisa wa mipango wa baraza, kijana mwenye adabu asiyevuka kizingiti cha mtu mpaka aitikiwe hodi. "Mkirudi mtakuta paa jipya, maji mpaka jikoni, ngazi nzima. Na kodi ya mtakapohamia, baraza litasaidia. Mimi wananiona serikali, Bi Khairiya. Wewe watakusikia."

Basi akapita mlango kwa mlango. Wengi walikubali, wengine kwa shingo upande. Aliyemshinda ni Rabiabai, mjane wa Kihindi wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akitengeneza achari ya ndimu na kuiuza hapo hapo barazani.

"Mie nkitoka hapa, mwanangu, sirudi tena," alisema Rabiabai. "Mtu mzima hang'olewi kama muhogo."

"Utarudi, bibi. Mie nakudhamini."

Neno hilo lilimtoka kirahisi. Rabiabai akafunga mitungi yake, akapelekwa mji wa Chake kwa Husein, mtoto wa ndugu yake. Bi Khairiya akahamia shamba kwa kaka yake, na jumba zima likabaki tupu.

Mafundi walianza kwa kishindo. Wakaezua mabati yote, wakang'oa madirisha na nyaya za umeme, wakavipakia kwenye gari wakaenda navyo. Halafu kimya. Kwanza ikasemwa saruji imechelewa. Kisha haikusemwa kitu. Kila Bi Khairiya akija mjini alipita njia ile, akainua macho kuliangalia jumba lililo wazi juu kama chungu kisicho kawa.

Usama alimfuata shamba mwenyewe. Alikataa hata maji.

"Bajeti imekatwa, bibi. Mapato ya mji yameshuka, na fungu letu limepunguzwa. Kilichobaki ni cha kuzolea taka na mishahara tu."

"Na jumba?"

"Kazi imesimama. Labda mwaka ujao wa fedha."

"Labda?"

Usama akainuka kuaga. "Na ule msaada wa kodi nao unakoma mwezi huu."

Tangu siku hiyo Bi Khairiya hakupata raha. Alichomoa viua alivyokwisha shona, kwa vile uzi ulikuwa ukienda kombo. Sokoni alianza kwenda jua likiwa kali, watu wamepungua, asije akakutana na mtu wa Jumba Jipya akaulizwa. Siku mbaya zaidi ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala, simu ilikuwa ikilia, naye akiijua kabla ya kuitazama.

"Paa limekwisha, mwanangu?" Rabiabai akiuliza.

"Linaendelea, bibi."

Uongo wenyewe haukuwa mkubwa, lakini kila Ijumaa ulitaka mwenzake. Mawingu ya masika yakaanza kukusanyika. Asubuhi moja alikuta kanga aliyoianika imelowa kwa manyunyu, akaishika mkononi kwa muda, kisha akavaa buibui akatoka kwenda Chake.

Alimkuta Rabiabai kitandani katika chumba cha nyuma ya duka la Husein, amezungukwa na maboksi ya sabuni mpaka darini. Hakuwa na mahali pa kunyoosha miguu. Bi Khairiya alikaa ukingoni mwa kitanda akasema yote, asipumue katikati, kama mtu anayekunywa dawa chungu.

"Nlijua," alisema Rabiabai.

"Ulijua?"

"Mtu aliye karibu na ujenzi, kwenye simu yake husikika nyundo. Kwako nlikuwa nkisikia jogoo tu."

"Mbona hukunambia, bibi?"

"Nlikuwa nkingoja unambie weye." Akajifunga mtandio. "Haya, nirejeshe."

"Bibi, hamna madirisha. Hamna umeme. Paa hamna!"

"Umeme nlizaliwa nao mie? Nami nakaa chini, nna dari mbili za zege juu yangu. Mvua itanifikia imechoka."

Husein alipinga, akaapa, mwisho akawapakia yeye mwenyewe kwenye gari la duka. Jioni ile Rabiabai alikuwa anafagia barazani kwake, na habari zikaenea kupita redio. Waliokuwa wamebanana kwa wakwe na wadogo zao, na wale ambao kodi ilikuwa imewashinda, wakaanza kurudi mmoja mmoja na magodoro yao. Bi Khairiya, aliyebaki hapo na Rabiabai, alipowaona wanakuja alijificha ndani. Alidhani watamtukana. Mmoja kweli alimtukana, tena kwa sauti.

Miongoni mwa waliorudi alikuwa Nassor, fundi wa kuezeka nyumba za shamba. Alipanda juu, akashuka anajikuna kichwa.

"Mabati hatuyawezi," alisema. "Makuti tunayaweza."

"Makuti juu ya ghorofa?" Bi Khairiya aliuliza. "Si upepo utayala?"

"Nikiyalaza vyema na kuyafunga vyema, utayala kidogo tu."

Wanawake walikaa uwanjani wakasuka makuti, wanaume wakapandisha boriti na mafito kwa kamba, na wapita njia wakasimama kucheka. Paa lilikuwa limefika nusu Usama alipokuja mbio.

"Bi Khairiya, jumba hili si salama! Mtaniponza!"

"Kama si salama, tuoneshe pa kwenda."

Usama akageuka huku na huku. "Na moto je? Makuti juu, majiko chini, watu wote hawa!"

Hilo Bi Khairiya hakuwa ameliwaza. "Hapatopikwa ndani," alisema. "Kila mtu atapika uwanjani. Nitasimamia mie."

"Mimi leo sikufika hapa," alisema Usama, akaondoka.

Mvua iliporomoka siku chache baadaye. Upande wa kusini ulivuja, na familia mbili za juu zikashuka kulala kwa jirani, lakini kwengine paa lilishika. Si wote waliorudi. Mariya wa ghorofa ya pili alikwisha chukua wanawe akavuka bahari kwenda Unguja, na chumba chake kimebaki kitupu. Baraza halikuwafukuza, umeme halikuwapa. Ilisemwa tu kwamba bajeti mpya itasomwa, na kama Jumba Jipya limo ama halimo, hakuna aliyejua.

Masika yamekatika sasa. Wenzake Bi Khairiya wanashukuru, lakini yeye kila jua likipanda huona makuti yanakauka. Huiacha kofia mapajani akazunguka jumba zima akinusa, akiinama kwenye kila mlango. Amewashikilia watu wajaze ndoo za mchanga, ziwekwe kwenye kila ngazi. Juzi alimkuta Rabiabai ameikalia moja, anamenya ndimu.

"Inuka, bibi, hiyo ya kuzimia moto!"

"Moto ukija ntainuka," alisema Rabiabai, akasogea kidogo ampishe naye akae.

Bi Khairiya hakukaa. Alikuwa amesikia harufu ya kitu kinaungua huko juu, akaanza kupanda ngazi.