Walishukuru kwa Pilau, na Kivimbe Kingali Ndani ya Ziwa Langu

Ninyi wa ukurasa huu wa mashauri, mufiche jina langu kama munavyofichaka ya wengine, lakini hasira yangu musiifiche.

Niko mwanamke wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto watano, nakaa Alunguli hapa Kindu. Bwana yangu anatumika kwa gari ya moshi. Mbele ya Ramadhani, nikioga, nilisikia kitu kigumu ndani ya ziwa la kushoto, kidogo kama punje ya maharagi. Hakiumi. Nikamwambia bwana yangu, na kweli hakunidharau: alinitilia saini ruhusa ya safari ya bure ambayo gari ya moshi inapatia bibi wa mutumishi, nikapanda mpaka Lubumbashi, kwenye hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya maziwa. Walinibana kati ya vibao viwili mpaka machozi yakatoka. Kesho yake muganga akaangalia picha, akagonga muhuri kwenye karatasi: "Mama citoyenne, hakuna kitu. Rudi kwako."

Muuguzi mumoja, mama mwenye imvi, akanifuata kwa mulango na ile picha. Aliinyoosha kwenye mwangaza, nikaona weupe mutupu. "Mwanangu, maziwa yako nyama yake imeshikana sana. Kwa picha inatoka nyeupe, na kivimbe nacho kinatoka cheupe. Njo sawa na kutafuta chumvi ndani ya unga. Muganga alikugusa na mukono?"

"Hapana, mama."

"Basi. Ukisikia kingali, rudi. Omba wachome sindano, watoe kipande wakipime."

Nilipofika Kindu, bwana yangu alisomea karatasi mutaa muzima. Mama mukwe akachinjisha mbuzi, mashehe wakasoma dua ya shukrani, watu wakala pilau. Miye pia nilikula, nikanyamaza. Hilo njo kosa langu, nalikubali mbele yenu.

Miezi mine imepita na kile kitu sasa kimekuwa kama chikichi. Juzi nikawaambia kwamba kingali. Mama mukwe akapiga makofi: "Astaghafirullahi! Unataka turudi kwa Mungu tumwambie shukrani yetu ilikuwa ya bure? Watu walikula!"

Bwana yangu akatoa karatasi ya muganga kwenye mufuko wa koti lake la abacost. "Muhuri huu njo wa nani? Wewe unamupita muganga?"

Nikamwambia: "Muganga aliangalia picha. Ziwa ni langu. Lete mukono, gusa mwenyewe."

Hakugusa. Aliangalia upande, akaficha mikono nyuma ya mugongo. Nikaelewa kwamba anaogopa, na hasira ikanipanda zaidi, sababu mwenye kivimbe ni miye na yeye njo anaogopa! Akasema hatatia saini ruhusa ya pili, na nikienda kumwaibisha, nisirudi nyumbani kwake.

Nitakwenda. Nitauza muchele wa shamba langu, nilioulima na mikono hii, na nitalipa tikiti, nitapanda gari ya moshi kama abiria mwingine yeyote. Kwa hilo siombi ruhusa ya muntu, wala yenu.

Shauri ninalotaka ni moja. Bwana yangu nampenda bado, njo shida yangu. Nipite nyumba kwa nyumba niwaambie wote waliokula ile pilau kwamba niko mugonjwa, haya imufike? Ama niondoke kimya, nimuachie heshima yake? Ninyi wamama munaosoma, mungefanya nini? Ila muntu asiniandikie nisubiri. Hiki kitu hakinisubiri.