Madumu Matupu Kando ya Ziwa Natron

Mama alizoea kusema miguu yangu ina siafu, na hakukosea. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpishi wa safari za watalii pale Karatu. Wageni walitembea, mimi nabaki kambini nakaanga chapati. Nilichukia! Kwa hiyo nilipopata likizo nikawakusanya wenzangu watatu wa kwaya, tubebe mabegi mgongoni, tutembee siku tatu kando ya Ziwa Natron kuanzia Engaresero. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ndio kwanza amemaliza kidato cha nne, alilia mpaka mama akakubali aje.

"Namkabidhi kwako," mama aliniambia. "Umrudishe mzima."

Siku ya kwanza tulianza jioni, tukalala mwendo mfupi tu kutoka mto wa Engaresero. Siku ya pili asubuhi jua lilishaanza kuwaka. Magadi yalipasuka chini ya viatu kama ukoko wa ugali. Wenzangu walisimama kila mara kuwatazama heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, na mimi niko mbele nafoka, "Twendeni bwana, mnangoja nini?" Maji yalibaki chupa moja moja, lakini sikujali. Mbele kulikuwa na chemchemi ambayo waongoza watalii wote walikuwa wakiisifia.

Tukakutana na mama mmoja wa Kimaasai anaelekea tulikotoka, na punda wawili, madumu yanagongana ubavuni mwao. Akasimama. Kule watu hawapitani hivi hivi. Mnasalimiana, kisha kila mmoja anatoa habari zake zote, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na mwenzake hamkatishi. Nilijua hayo vizuri kabisa.

"Takwenya," nikamwamkia huku natembea.

"Iko," akaitikia. Akaegemea fimbo yake. "Wazazi hawajambo?"

"Salama, mama, kote salama. Tuna haraka."

"Haraka? Umeiba ng'ombe wa nani?" aliuliza akicheka.

Nikampungia mkono. Mdogo wangu akaninong'oneza, "Kaka, si vizuri." Nikamwambia aongeze mwendo.

Chemchemi tuliifikia saa saba mchana. Palikuwa na tope lililopasukapasuka na mfupa wa mbuzi, basi. Chupa zetu zilikuwa zimebaki na mafunda machache. Tukageuka kurudi mtoni Engaresero, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikatembea nyuma ya wenzangu.

Saa tisa mdogo wangu akakaa chini. Alisema anasikia usingizi. Ngozi yake ilikuwa ya moto, na jasho limekauka. Tulimpa mafunda ya mwisho, tukamtengenezea kivuli kwa khanga, nikamshika mkono. Mungu wangu, niliogopa! Nilikuwa nauona uso wa mama tu.

Ndipo punda wakatokea. Yule mama alikuwa anarudi kutoka mtoni, na sasa madumu yake hayakupiga kelele. Yalikuwa yamejaa. Asubuhi nilikuwa nimeyasikia yakigongana, matupu, nikamwona mwenyeji anaiacha chemchemi nyuma yake kwenda kutafuta maji mbali. Sikuuliza hata neno moja.

Alimlowesha mdogo wangu kichwa, akamnywesha kidogo kidogo kwa kifuniko cha dumu. Jua lilipopoa, mdogo wangu akaomba maji zaidi kwa sauti yake mwenyewe. Hapo yule mama akanionyesha nikae chini, akaanza pale pale nilipomkatisha.

"Wazazi hawajambo?"

Nikajibu. Akauliza mvua, akauliza mashamba, akauliza mifugo. Nilijibu moja baada ya jingine, machozi yananitoka. Zamu yake ilipofika akatoa za kwake: watoto wazima, ng'ombe wamepelekwa milimani, chemchemi ya mbele imekauka.

Karatu tulifika kesho kutwa yake. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage.

"Habari za safari?"

"Salama tu, mama," nikamjibu, nikiwa nimeshavuka kizingiti.

Mdogo wangu alibaki amesimama nje, begi mgongoni, midomo bado ina vidonda.

"Kaka," akaniita, "rudi ukae chini."