Programu Yangu ya Omena, Mkono wa Fundi

Mimi siwezi kuandika hata mstari mmoja wa programu ya kompyuta, na sioni haya kusema. Kwetu ni Migori. Nanunua omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Homa Bay na kuziuza nyumbani. Wazo la programu ya simu lilikuwa langu: mama aliyeanika omena atangaze, mnunuzi ajue ufuo wa kwenda kabla ya kupoteza nauli. Nikaajiri fundi, kijana wa Migori, aitengeneze.

Akaitengeneza vizuri tu. Kisha mwezi ukawa mpevu. Omena huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwaka, mashua hupumzika na akina mama hawana cha kuanika. Fundi naye alikuwa ameipanga programu imfute muuzaji yeyote aliyekaa kimya wiki nzima. Ikawafuta wote. Ufuoni nikakuta nyuso zimenuna. Mama aliyekuwa wa kwanza kujiunga akaniuliza, "Nyar Migori, umetutupa?" Ndivyo wanavyoniita, binti wa Migori. Iliniuma sana.

Nikamfuata fundi, nikakaa kando yake mpaka hilo likarekebishwa. Yeye aliandika, mimi nilisema kiandikwe nini. Akina mama nikawabembeleza mmoja mmoja, wakarudi huku wakinicheka.

Halafu nikaenda mjini Homa Bay, mbele ya jopo linalotoa mtaji kwa biashara changa. Bila mtaji huo programu ingezimika. Bwana mmoja akauliza nani ameijenga. Nikasema nimeajiri mtu. Akatabasamu vile watu hutabasamu wakishakuamulia.

"Basi madam, mwenye kampuni ni huyo kijana. Mpe nusu, ama tusipotezeane muda. Akiondoka kesho utabaki na nini?"

Nilikasirika, na sikuficha. "Hapo ufuoni, wenye mashua wangapi wamewahi kushika randa? Wanaajiri fundi, wanaajiri wavuvi, na hakuna anayewauliza mashua ni ya nani. Fundi wangu nimemlipa. Akiondoka nitatafuta mwingine. Akina mama wakiondoka, hata yeye hana cha kujenga."

Mtaji wakaninyima. Nikarudi ufuoni kuwaambia akina mama kwamba nazima programu. Yule mama wa kwanza kujiunga aliinuka, akajaza omena kavu kwenye gorogoro, kopo lake la kupimia, akazimwaga kwenye gunia langu, na wenzake wakafuata.

"Ukauze hizi, umlipe fundi wako," akasema. "Na yule bwana ukamwambie wewe tumekuajiri sisi."