Kikao cha Wazazi Siku ya Bamvua

Harufu ya pweza aliyeanikwa juani haibishi hodi. Huingia darasani ikakaa dawati la mbele. Kijijini kwetu, kando ya Ghuba ya Chole, ikizidi ulijua ni bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hukauka mbali na wanawake hushuka mwambani kuchokoa pweza. Nilikuwa darasa la saba, na kila bamvua niligeuka mbeba ndoo wa mama. Nilijihesabia siku nilizokosa shule mwezi ule: nane. Nikarudia, nikapata tisa. Sikumwambia mtu.

Kumbe mwalimu mkuu mpya, mtu wa bara, naye alikuwa akihesabu. Akaitisha kikao cha wazazi wa darasa la saba, Alhamisi saa nne asubuhi. Hakujua kuwa Alhamisi ile ni bamvua, na saa nne ndipo maji yanapotoka kabisa. Wazazi wetu nao hawakumwambia; nani humweleza mtu mzima kuwa jua limechomoza? Baba zetu walikuwa kwenye uvuvi, mama zetu mwambani, na mwalimu akavihutubia viti.

Ijumaa alitupanga mstarini. “Asiyekuwepo na lake halipo,” alisema. “Hakuna kukanyaga darasani mpaka uje na mzazi.” Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebakiza wiki mbili. Nilituhesabu tuliofukuzwa: kumi na wanane. Nikarudia: kumi na tisa. Mara ya kwanza nilijisahau.

Nilikimbia hadi mwambani, nikatoa ujumbe wa mwalimu. Mama hakuinua hata mgongo. “Kamwambie bahari haina ofisi. Ananitaka? Aje, kama miguu anayo!” Fahali wakipigana nyasi huumia, na nyasi nilikuwa mimi. Njiani niliyapunguza yale maneno kama dalali. Nilipofika nikasema: “Shikamoo mwalimu. Mama anakusalimu sana, anaomba uje mwambani.” Katika maneno ya mama, lililosalimika ni “aje” tu. Mwalimu alinitazama mpaka nikahesabu vifungo vya shati lake, mara mbili. Kisha akavua viatu.

Tulipofika, maji yalikuwa yameanza kurudi. “Usikanyage hapo, mwalimu, pana miiba!” mama alimwonya, kisha akaongeza, “Hata mwanafunzi mvivu anapajua.” Wanawake wakacheka, mwalimu hakucheka. Maji yakafika kwenye vifundo.

“Mama, binti yako ana akili, lakini hafiki shule. Mtihani hausubiri.”

“Na wewe jana hukuwepo hapa. Asiyekuwepo na lake halipo, au?”

Nilidhani yamekwisha, na mimi nimekwisha nayo. Maji yakapanda kwenye muundi, suruali ya mwalimu ikalowa, lakini hakuondoka. Akauliza taratibu, “Lini mnakuwa nyumbani?”

“Maji mafu,” wakajibu wote, zile siku bahari isipotoka mbali.

“Basi vikao vitakuwa maji mafu. Lakini bamvua, watoto ni wa shule.”

“Na ndoo atanibebea nani?”

Mama alinitazama, akaitazama ndoo. Maji yakafika magotini. “Haya. Utupe siku zetu, tukupe watoto wako.” Nilinyoosha mkono niishike ile ndoo, akaisogeza kando, akajitwika mwenyewe.

Nilifaulu. Matokeo niliyasoma mara mbili, bila shaka. Leo ninauza samaki Kilindoni, na mwanangu yuko darasa la sita. Mwalimu wake huita vikao kwenye kundi la wazazi la simu. Tumo arobaini na wawili. Wote huandika “sawa mwalimu”, na mara ya mwisho nilihesabu waliofika, kwenye picha aliyotutumia: saba. Nikarudia, saba. Mimi sikuwemo.

Jana ujumbe uliingia: kikao Alhamisi, saa nne. Nikatazama mwezi, nikajua siku hiyo ni bamvua, na wazazi wenzangu wengi watakuwa mwambani. Nikaandika “sawa mwalimu”. Nikafuta. Nikavua kandambili zisinicheleweshe njiani, nikaenda shuleni kumwambia mwalimu kwa mdomo wangu: kikao kiwe maji mafu.